Choroko Zilizoamka

Wiki ya kwanza ya ndoa, mama mkwe alimpa mkazamwana sharti moja la jikoni. "Chenye maji mfuko wake, kikavu mfuko wake. Ukivichanganya, mwanangu, utatulisha kuvu."

Keshoye wageni walibisha hodi. Kwa pupa, mkazamwana akaubwaga mchicha uliotoka kuoshwa ndani ya mfuko wa zipu wenye choroko, akaufunga kabisa, akasahau.

Siku ya nne mama mkwe aliutoa mfuko ule kabatini. Mkazamwana akajua leo atafungashiwa virago.

"Nisamehe, mama."

Mama mkwe aliufungua mfuko. Mchicha ulikuwa umeoza, lakini ndani ya uozo ule kila choroko ilikuwa imepasuka na kutoa kijimzizi cheupe.

"Mbegu za marehemu mama yangu," alinong'ona. "Miaka saba naziweka kama ukumbusho tu. Nilijua zimekufa."

Alizigusa kwa ncha ya kidole, kama anayegusa kope za mtoto aliyelala. Mkazamwana akapiga magoti kando yake, akasahau kuogopa.

"Usinitumbulie macho," mama mkwe alisema huku machozi yakimtiririka. "Lete udongo! Kukugombeza kutangoja tumalize kupanda."