Siku Nilipofunga Mapile ya Pedale Mbili

Mama mwenzangu, kama mtoto wako ameletewa vitu viwili achague kimoja, wewe chukua nguo zako uende kufua ziwani. Usikae karibu. Mimi nilikaa karibu, tena nikatia mkono, na haya ndiyo yaliyonipata hapa Baraka mwaka wa themanini na tatu.

Mwanangu Placide, ambaye kwenye kadi ya chama aliandikwa Mutambo kwa sababu majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, alikuwa na miaka ishirini na moja. Alipiga gitaa la umeme katika koro ya kanisa letu. Umeme wenyewe haukuwapo Baraka. Ampli ilikula betri ya gari, na vijana wawili waliibeba kutoka kwa fundi hadi kanisani kila Jumamosi. Koro ilikuwa na akina mama thelathini. Tukiimba polepole, gitaa lilisikika vizuri. Tukipandisha, ngoma ikaingia, na vigelegele, Placide alibaki anasogeza vidole kama mtu anayechambua mchele. Kazi unaiona, sauti husikii.

Ndipo Alphonse, mdogo wake prezida wetu wa koro, aliyekuwa fundi wa redio Bujumbura, akatutumia pedale mbili kwa mashua ya mota. Pedale ni kisanduku cha chuma, kinalingana na kipande cha sabuni ya kufulia. Waya wa gitaa unaingia upande mmoja, wa ampli unatoka upande mwingine, unakikanyaga kwa mguu, na sauti inabadilika. Barua ilisema: ya bulu ni kompresa, ya manjano ni ovadraivu. Mbaki na moja, nyingine mumpe Raphaël Jumatatu asubuhi airudishe, maana ina mwenyewe. Raphaël ndiye aliyeendesha ile mashua.

Bonaventure, prezida mwenyewe, alisoma barua mara mbili.

"Kompresa ni ya kutia upepo mu pine," alisema. "Huyu ndugu yangu anafikiri koro yetu iko na baiskeli?"

Placide alinielezea jioni ile nikitengeneza ndakala, dagaa wa ziwa letu.

"Mama, hii ya bulu inashika sauti. Ile ya nguvu inaishusha, ile ya uzaifu inaipandisha, yote inatembea ku mustari moja. Na noti inakawia, haikufe mbio."

"Na ya manjano?"

"Hiyo inafuata mukono. Ukigusa pole, inaimba. Ukipiga nguvu, inapasuka."

"Inapasuka namna gani?"

"Sawa sauti ya mutu mwenye alicheka sana ao alilia sana."

Aliposema hivyo macho yake yalikwenda mbali. Kaka yangu Anatole alianza vilevile. Yeye alikuwa na bafle, yaani spika, iliyotobolewa kwa msumari, na watu wa baa waliipenda kwa sababu ilikuwa inapasuka. Alifuata orkestra mpaka Kalemie, akafika Lubumbashi, na mama yetu alikufa akiuliza kila msafiri kama amemwona. Kwa hiyo mimi nilikwisha kuchagua kabla gitaa halijaguswa. Ya bulu ilikuwa na adabu. Mtoto wangu ataishi na ya bulu.

Sasa, zile pedale zilitaka betri ndogo ya mraba ambayo Baraka nzima haikuwa nayo. Placide alijua njia: mapile sita ya tochi, ukiyapanga mstari, yanatoa nguvu ile ile. Bonaventure akaleta mapile mapya kumi na mawili, sita kwa kila pedale, akanipa mimi niyafunge.

"Mama Placide," alisema, "we uko na mikono ya kutulia. Hawa vijana batayaangusha yote."

Nilikata jalada la daftari la shule, nikaviringisha mapile kama mtu anayeviringisha mkeka, nikakaza kwa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Furushi la kwanza, mapile mapya, nikaunganisha na ya bulu. Kisha nikatazama juu. Kwenye mabati yangu, kama kwenye mabati ya kila nyumba, yalikuwapo mapile yaliyochoka, nimeyaanika juani yapate nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Nikapanda kiti. Nikachukua sita, nikayafungia ya manjano. Yale sita mapya yaliyobaki yakaingia ndani ya kopo la sukari. Kwa nje mafurushi yalifanana. Uongo sikusema, maana hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, tulipomaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia barabara, koro iliingia kanisani na majembe yake. Placide angepiga wimbo mmoja, mara ya kwanza na ya bulu, mara ya pili na ya manjano, sisi tukiimba.

Ya bulu ilikuwa nzuri, kwa kweli. Kila noti ilisimama sawa na mwenzake, kama watoto wa shule mbele ya bendera. Tulipandisha, ngoma ikaingia, na bado uliweza kumsikia Placide, mwembamba na safi, hadi benchi la mwisho. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Lakini wimbo ulipokwisha na watu wakanyamaza, ampli ikaendelea peke yake: shhhhh.

Koko Mukankuranga akatazama mabati. Huyu ni bibi yetu mzee wa sauti ya juu, mwenye asili ya Minembwe kwa wafugaji wa milimani, aliyeshuka huku ziwani kumfuata binti yake, na ulimi wake haulali.

"Mvua inakuja?" aliuliza. "Niliacha muhogo inje."

"Koko, ni pedale," Placide alisema. "Kama haina sauti ya kupandisha, inapandisha pumuzi ya ampli."

"Basi uiambie ifunge kinywa wakati wa maombi. Mungu atafikiri tunamufukuza."

Watu walicheka, ila Bonaventure alitikisa kichwa kwa kuridhika. Inasikika mpaka nyuma, alisema, hicho ndicho tulichotaka. Placide akachomoa ya bulu, akaweka ya manjano. Mimi nilisogea karibu na mlango, nikangoja ikohoe.

Haikukohoa. Sauti ilichelewa kidogo, kisha ikaja nzito, kama uji unaoinuliwa na mwiko na hautaki kuachana na chungu. Placide aligusa pole, ikaimba. Alipopiga kwa nguvu, badala ya kupiga kelele iliinama, ikazama, halafu ikavimba taratibu ikajaza kanisa. Placide mwenyewe alishtuka. Akatabasamu, akapiga tena. Sauti zetu ziliingia ndani yake kama miguu inavyoingia kwenye viatu vya zamani.

Koko Mukankuranga aliweka jembe chini.

"Hiyo ni ngombe dume," alisema. "Anaita toka kilima ingine."

Na akacheza. Kwa goti lake lile linalouma, akainua mikono kama pembe akazunguka. Mstari wa pili ukamfuata, na wa tatu. Mama mmoja akaenda kumpangusa Placide jasho la uso kwa ncha ya kitenge chake, kitu tunachomfanyia yule tu aliyepiga hadi moyo ukakubali. Nami niliyekuwa na wasiwasi nikajikuta ninaimba, miguu inakwenda bila ruhusa yangu.

"Basi njo ya manjano tutabakia nayo," Bonaventure alisema. Hakuna aliyebisha.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikwenda nyumbani, nikapika maharagwe, nikayaunguza.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, na wageni wa kijiji cha Swima walikuwa wanakuja na koro yao. Asubuhi, nikifunga kilemba, nilimwona Placide uani amechukua furushi la ya bulu.

"Unafanya nini?"

"Ibada itakuwa murefu, Mama. Ile ya manjano ilitumika jana. Ninaipa mapile ya huyu mwenzake, yenye haikutumika sana."

Nilifungua kinywa, nikakifunga, nikamaliza kilemba. Ndiyo kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza.

Kanisa lilijaa hadi madirishani. Watu wa Swima walikaa upande wa kushoto, wamependeza. Pasta alitupa ishara, Placide akakanyaga pedale, akapiga. Ilikuwa kama mashine ya kusaga mahindi inayozunguka bila mahindi ndani. Mtoto mchanga akalia. Wageni wakatazamana. Placide akasimama, akazungusha kifundo kidogo cha pedale, akajaribu tena, ikawa kali zaidi.

Bonaventure alimwinamia. Nilikuwa mstari wa mbele, nilisikia kila neno.

"Umeiharibu?"

"Siiguse, Prezida."

"Jana ilikuwa muzuri."

"Mi sijue. Labda ni mukono yangu."

"Zima. Tutaimba bila gitaa. Na kesho Raphaël arudishe yote mbili, tusiendelee kupata haya."

Placide akaanza kuchomoa waya. Aliutazama mkono wake wa kuume kama mkono wa mtu mwingine. Kwamba angeenda Kalemie, niliogopa miaka. Kwamba angeacha gitaa akiamini mkono wake ni mbaya, hilo sikuliwaza hata siku moja, na sasa lilikuwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyelipika.

Nikasimama.

"Pasta, unisamehe. Mukono ya mutoto iko muzima. Ni mapile. Yale ya jana yalikuwa ya kuzeeka. Ni mi niliyaweka."

"Sitwayeni, unasema nini?" Bonaventure aliuliza. Alipokasirika alizungumza kama ofisi, akimwita mtu raia.

"Niliyatoa ku mabati. Nilitaka ya manjano ikohoe, muikatae, mutoto abakie na ya bulu."

Kanisa lote lilisikia. Watu mia mbili, na wageni ndani yake. Koko Mukankuranga ndiye aliyegeuka.

"Na ikakohoa?"

"Hapana, Koko. Uliicheza weye mwenyewe."

Kicheko kilianza kwake. Kilipita koro, kikavuka kwa wageni wa Swima waliokuwa hawajui habari ya goti lake wala majembe, lakini walicheka nao. Pasta aliinua kitabu cha nyimbo mbele ya uso, na kitabu kikatikisika.

"Iko wapi, ile mapile?" Bonaventure alisema, akijaribu kukaza uso.

"Nyumbani. Niliyarudisha juani."

"Basi kimbia, Mama. Mavuno inakungoya."

Nilikimbia na kitenge cha sikukuu, viatu mkononi, nikipita watu wanaoniuliza nani amekufa. Niliporudi, Placide aliyapokea bila kunitazama, akayapanga, akakaza mpira. Akapiga. Yule dume akaita kutoka kilima chake, na watu wa Swima walisimama kabla yetu.

Wimbo wa tatu, sauti ilianza kuchoka kweli, ikawa inazama bila kurudi. Koko akatoa tochi ndani ya kikapu chake, akaifungua.

"Yangu iko nakufa tangu juzi. Jaribu."

Mwingine akatoa mapile mawili. Mzee wa Swima akatoa ya redio yake. Toka siku ile sijaona watu wakifurahi hivyo kutoa vitu vibovu kanisani. Tuliimba mpaka jua likageuka, na betri ya gari ndiyo iliyokufa kwanza.

Nyumbani tulikula bugali na samaki wa mukeke. Kisha Placide akaniuliza:

"Juu ya nini, Mama?"

"Niliogopa ukuwe sawa Anatole."

"Ungeniuliza."

"Nakuuliza sasa. Utaenda Kalemie?"

Alichukua tonge, akalichovya mchuzini, akatafuna. Aliniacha ningoje, na nilistahili.

"Kalemie banapiga na courant, umeme yenye haichoke," alisema. "Ile sauti kule itakuwa mashine ya mahindi."

"Hiyo si jibu."

"Njo jibu niko nayo leo. Ya mwaka kesho, uniulize mwaka kesho."

Jumatatu asubuhi tulishuka ufukweni. Raphaël alikuwa amekwisha washa mota. Placide alisimama na pedale moja kila mkono.

"Mama, we unasema nini?"

Niliweka mikono nyuma ya mgongo. "Mi sina kinywa."

"Huyu mama anagonjwa?" Raphaël aliuliza.

"Anapona," Placide alisema. Akaipima ya bulu kiganjani. "Hii iko muzuri sana, Kapiteni. Kama ningepiga peke yangu, njo ningebakia nayo. Lakini niko na bamama makumi tatu, na hakuna hata moja mwenye anatembea ku mustari."

Akampa ya bulu. Mashua ikasogea, na mtoto wangu akapanda mchanga mbele yangu akiimba kwa pua.

Mwaka uliofuata nilimuuliza, tukila. Alicheka, akanijibu. Mwaka wa baadaye nikamuuliza tena. Jibu linaweza kuwa baya siku moja, najua, na usiku wa kuamkia swali silali vizuri. Hata hivyo nakuonya wewe mwenye mtoto anayependa sauti: uliza kwa kinywa, ukiwa umekaa naye, kabla hujapanda kiti.