Kangaga Chini ya Jiwe la Udhu

Kabla ya lile kangaga, mimi ndiye niliyemmiminia mama mkwe wangu, Safiyo, maji ya udhu. Sikutaka cheo kingine katika boma letu la Chechelesi.

Kisha Deqa, mke wa mdogo wa mume wangu, akarudi kutoka chemchemi ya Gotu na mmea ndani ya mkebe. Akaupanda kando ya jiwe la udhu lililo mlangoni pake, mahali maji hudondoka mara tano kwa siku. Ukame wa 1980 uliwafanya mbuzi watafune kamba, lakini mmea ule ulinawiri.

Mama mkwe akahamia huko kutawadha. "Hapa miguu yangu inapata ubaridi wa Gotu. Deqa, lete birika."

Niliwaka. Mwenye diploma ya kilimo ni mimi! Deqa hakujua hata jina la mmea wake. Ni mimi niliyemwambia: hauna ua, na jani changa hujikunja kama mkia wa kinyonga, basi ni kangaga.

Asubuhi moja akanijia mbio. "Abaayo Fosia, dada yangu, tazama! Madoa ya kahawia mgongoni mwa majani, yamejipanga kama shanga. Ni ugonjwa?"

Nilijua ni nini. Humo ndimo kangaga hubeba spora zake, vijimbegu laini kama vumbi.

"Ni kutu," nikasema. "Kata yote, uchome."

"Yote?"

"Unataka kunifundisha kilimo?"

Alikata huku akilia. Alipowasha kiberiti, akisema ndivyo nilivyoagiza, Mama akamkemea: "Kilichokunywa maji ya udhu hakichomwi!" Deqa akayatandaza majani juu ya udongo mbichi, chini ya jiwe.

Jiwe likabaki tupu, Mama akarudi kwangu. Miezi minne nilimimina maji kwa raha.

Siku moja, Mama akiwa kwangu kutawadha, Deqa akaja na mkebe, ndani yake kangaga dogo. "Ni lako, abaayo. Yameota mengi, hayahesabiki! Hooyo, mama yangu, huyu alijua. Alinikatisha majani ili yazae. Kweli shule ni shule."

Mama, mikono yake ikingoja maji yangu, akanitazama. "Ulijua, Fosia?"

"Nilijua, Mama."

"Basi mbona ulimwambia achome?"

Niliinua birika nimmiminie.

Mama akaigeuza mikono yake upande wa pili. "Deqa, mwanangu. Mchukulie mwenzako birika, unimiminie."