Mkato Baada ya Kipara

Baba yake fundi cherehani aliitwa Marehemu kwa miaka hamsini na mitatu kabla hajafa, na kila alipoitwa aliitika.

Jina hilo alilipata kambini, akiwa bado kuruta. Homa ilimwangusha, daktari mwenye haraka zake akamshika mkono akauona wa baridi, basi wakambeba wakamlaza kwenye hema la maiti. Asubuhi akaamka, akajifunga shuka mabegani, akaenda kupanga foleni ya chai. Mpishi alidondosha upawa, akakimbia na kuliacha sufuria mekoni. Tangu siku hiyo hakuna aliyelikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Ikawa Marehemu lete maji, Marehemu zamu yako, Marehemu umekula? Walicheka naye akacheka, maana jeshini asiyecheka jina lake hupewa jingine baya zaidi.

Bintiye alikua akizisikia hadithi hizo tangu akiwa wa kubebwa. Hadithi ya hema la maiti baba aliisimulia mbele ya wageni. Ile ya daraja aliisimulia wakiwa wawili tu, na hakuicheka.

Siku ya kuamkia vita vya darajani, Sajenti wao aliandika majina ya watakaovuka mto mbele ya wenzao. Hakuwa na daftari, akaandika nyuma ya pakiti ya sigara. Aliandika majina ya utani, kwa kuwa ndiyo aliyoyajua, na aliandika kwa herufi ndogo tupu, maana herufi kubwa hakuwahi kuelewana nazo. Walikuwa kumi na mmoja, yeye mwenyewe wa kwanza. Katikati ya mstari wa pili palisomeka hivi: kobe, kipara, marehemu, mluzi.

Vita vilipokwisha, pakiti ile ikafika makao makuu, mezani kwa karani ambaye hajawahi kulisikia bomu hata kwa mbali. Akasoma "kipara, marehemu" akaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: kuna mtu anaitwa Kipara, naye amefariki. Na kwa bahati mbaya Kipara kweli alifia darajani. Kosa likapata shahidi, na shahidi mwenyewe yuko kaburini, utamhoji vipi? Kumi na mmoja wakawa kumi. Wakachongewa jiwe, wakaitwa Kumi wa Daraja, wakagawiwa nishani mbili mbili, ya kwanza ya wote na ya pili ya tendo la kila mmoja. Baba yake fundi, aliyembeba Kipara mgongoni kuvuka maji hadi akamkatia roho shingoni, wakati huo alikuwa hospitalini na risasi ya paja. Kwenye jalada lake siku ile imeandikwa "kambini, kazi za jikoni". Risasi nayo imeandikwa "ajali".

Jikoni! Neno hilo lilimkereketa mzee kuliko hata risasi yenyewe. Aliandika barua saba, na barua saba zilijibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Alipofika miaka themanini na moyo ukaanza kumsumbua, alimwita bintiye akampa koti lake jeusi.

"Mama, nishonee vitanzi viwili hapa kifuani, upande wa kushoto. Sitaki kufa mpishi."

Fundi akashona. Vitanzi vidogo, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, usingeviona mpaka uguse. Kisha akafunga cherehani yake, akamshika baba mkono, wakaenda ofisi ya kumbukumbu.

Dirisha namba nne ndilo la masahihisho. Juu ya kabati majalada yalikuwa yamefungwa kwa kamba za katani, na feni iliyapepea yale ya juu tu. Karani alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, si mkali wala si mpole. Aliisikiliza habari yote, akainuka, akarudi na nakala ya pakiti ile ya sigara.

"Mzee, hawa ni kumi. Nimewahesabu."

Mzee akaingiza kidole chini ya kioo cha dirisha, akagusa neno. "Huyu hapa ni mimi."

"Hapa pameandikwa marehemu."

"Ndiyo. Ndiye mimi."

Karani alimtazama mzee, kisha akamtazama fundi kwa macho ya kumpa pole. Fundi aliona aibu, halafu akaona hasira kwa kuona aibu.

"Ni jina lake la utani, dada. Jeshi zima lilimwita hivyo."

"Na huu mkato?"

"Ni wa kutenganisha watu wawili."

"Au wa kueleza kuwa huyu wa kwanza amekufa. Naye alikufa, sivyo?" Karani alivua miwani. "Mama, mimi sibishani na baba yako. Lakini hapa dirishani asiyekuwepo na lake halipo. Nileteeni maandishi ya mtu aliyekuwepo, nitasahihisha siku hiyo hiyo. Nani bado yuko hai katika hao?"

Alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyeuweka ule mkato.

Sajenti aliwapokea sebuleni kwake, chini ya picha zake mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanajeshi wastaafu, na kila mwaka ndiye aliyehutubia mbele ya jiwe. Alipomwona mgeni wake mlangoni alifungua mikono.

"Marehemu! Bado hujafa tu?"

"Nakusubiri utangulie, Sajenti. Wewe ndiye mkubwa."

Walicheka mpaka wakakohoa, wakaanza kupigana mabegani kama vijana. Fundi akashusha pumzi. Huyo hapo kalitamka jina bila kuulizwa, basi kazi imekwisha. Akaitoa fomu ya ushahidi kwenye mkoba, akaiweka mezani na kalamu juu yake.

Sajenti aliisoma polepole. Kicheko kilimtoka usoni sehemu kwa sehemu, midomo ikiwa ya mwisho.

"Mwanangu," alimwambia fundi, maana alishindwa kumwambia mwenzake, "jiwe limechongwa kumi. Watoto shuleni wanafundishwa kumi. Leo niende niseme kumi na mmoja? Watauliza tulijua kuhesabu kweli?"

"Baba Sajenti, si kuhesabu. Ni jina moja tu."

"Jina moja lina mambo yake."

Hapo baba akasema, taratibu, "Kipara nani alimbeba?"

Ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, kilikuwepo cheti cha nishani ya pili. Fundi alikisoma kutoka pale alipokaa: kwa kumbeba mwenzake aliyejeruhiwa kuvuka mto chini ya risasi. Na chini yake, jina la Sajenti. Ndipo alipoelewa kwamba karani wa zamani alikosea mara moja tu, na mtu huyu ndiye aliyelilinda kosa kwa miaka hamsini na zaidi, akilivaa kifuani.

"Walinikuta ng'ambo nimekaa na maiti," Sajenti alisema. "Wewe ulikuwa umezirai, wameshakuchukua. Wakaniuliza ni mimi niliyembeba? Nilikuwa nimechoka. Nikanyamaza. Ukishanyamaza siku ya kwanza, siku ya pili utasema nini?" Akaisukuma fomu. "Wewe unajua, mimi najua, Mungu anajua. Karatasi ya nini tena, Marehemu?"

"Mungu hana dirisha namba nne," baba alijibu.

Akasimama kuondoka. Mlangoni mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe hadi kwenye paji la uso, kwa mazoea tu, mbele ya mkubwa wake. Walipofika nyumbani aliutazama mkono ule kama mtu anayemtazama mbwa wake aliyemng'ata.

Hakumaliza mwezi. Alizikwa na koti lake jeusi, vitanzi viwili kifuani vikiwa vitupu. Waliolibeba jeneza hawakuviona. Aliyevishona aliviona.

Sajenti alikuja mazikoni na nishani zake zote, zikilia kila alipokanyaga. Alisaidiwa kusimama, akaomba kusema neno. Fundi alikaza moyo kumsikiliza mnafiki.

"Siku ile darajani tulikuwa na Kipara, tulikuwa na Marehemu," Sajenti alisema. "Na aliyembeba Kipara ni Marehemu. Si mimi. Ni Marehemu."

Watu walitikisa vichwa kwa huzuni. Marehemu alikuwa mtu mwema, walisema. Marehemu yeyote huwa mtu mwema. Wengine walidhani mzee wa watu amechanganya, uzee huo. Katibu wa chama, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za siku hiyo, aliinua kichwa, akafikiri kidogo, akaendelea kuandika.

Fundi ndiye pekee aliyesikia jina. Machozi aliyokuwa ameyabana tangu alfajiri yakamtoka, na alichukia kwamba ni mtu huyu aliyeyatoa. Baadaye alimfuata Sajenti kwenye gari na ile fomu, imeshakunjika pembe.

"Weka sahihi, Baba Sajenti."

"Nimeshasema mbele za watu, mwanangu. Katibu kaandika."

Kesho yake fundi alikuwa dirisha namba nne kabla halijafunguliwa. Karani alimpa pole, akamsikiliza, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. Kumbukumbu za chama zinakubalika, alisema, mradi ziwe na sahihi ya aliyekuwepo. Zililetwa baada ya wiki mbili, zimepigwa chapa, safi. Karani alizisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari.

"Mwenyekiti alikumbuka siku ya daraja, na jinsi alivyombeba mwenzake Kipara, marehemu."

Akasoma tena moyoni, midomo ikicheza.

Chini ya karatasi palikuwa na maneno "imesomwa na kuthibitishwa", na sahihi ya Sajenti, herufi ndogo tupu. Fundi aliitazama sana. Katibu hakumkosea mtu, alisahihisha tu kile ambacho kila mtu alijua ni kosa. Lakini Sajenti aliisoma. Alipewa kalamu mkononi na mkato ule ule mbele ya macho yake, safari hii bila bomu, bila haraka, kwenye kiti cha mto. Mazikoni alisema ukweli kwa sababu alijua hautasikika, akaenda nyumbani akalala usingizi mzuri.

"Pole, mama," karani alisema, na alimaanisha. "Basi itabidi nilifunge jalada."

Alilivuta karibu. Mbele ya namba ya jeshi ya mzee, pale kwenye nafasi iliyobaki, aliandika sababu ya kufunga. Aliandika jina kamili la baba, akaweka mkato, akaandika: marehemu.

Fundi alicheka. Kicheko kilimtoka kibaya, hata mtu wa dirisha namba tano akageuka.

"Mmechelewa miaka hamsini na mitatu," alisema, "lakini mmepatia. Dada, naomba kitu kimoja tu. Hiyo M iandike kwa herufi kubwa."

Karani alimtazama juu ya miwani, akatazama alichoandika, akatikisa kichwa kama mwalimu kwa mwanafunzi mzito.

"Marehemu haiandikwi kwa herufi kubwa, mama," alisema, akagonga muhuri.