Beseni la Daktari Thackwell

Wanawake watatu wa Harnby walikufa kwa homa ya uzazi Julai ile, na wote watatu walizalishwa na Daktari Thackwell. Mji mzima ulijua, ila nani athubutu kusema? Alithubutu yule kijana, Dokta Ashlin, aliyesomea Edinburgh. Alisimama ukumbini akasema homa inabebwa na mikono ya madaktari wenyewe, kitanda hadi kitanda, akataka wanawe mikono kwa maji ya chokaa kabla ya kumgusa mzazi. Loo! Walimcheka, wakasema mikono ya muungwana haina uchafu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hata kutumbua jipu. Akafunga virago.

Basi uchungu ukamshika mdogo wangu Dorcas. Mtoto amekaa vibaya, mkunga kashindwa, mumewe Amos akakimbia kumwita Thackwell. Alikuja na koti lake la kazi, limekakamaa kwa damu ya miaka. Kwetu koti kama lile ni sifa. Likiwa safi, watu husema daktari huyo bado mwanafunzi.

"Unatoka wapi, bwana daktari?" nikamuuliza.

"Kwa marehemu mke wa Pocklin. Tumempasua tuone kilichomuua."

Jamani! Mke wa Pocklin ndiye aliyekuwa wa tatu.

Desturi yetu, daktari akimaliza kuzalisha hupewa beseni la maji ya moto, taulo zuri na glasi ya mvinyo. Nililichukua lile beseni nikamsogezea pale pale mlangoni.

"Hayo ya baadaye, mama."

"Naomba unawe sasa, bwana."

Akanikazia macho. "Amos, shemeji yako siku hizi anahudhuria mihadhara? Ninawe ndipo nikashike damu? Basi nikaoge kabisa, nivae na nguo za kanisani!"

Amos akanivuta kando. "Kezia, una wazimu? Akikasirika akaondoka, nani atamtoa mtoto? Wewe?"

Ndani Dorcas akapiga ukelele. Niliogopa, sifichi. Nilimwogopa yule mzee, na niliogopa mdogo wangu asije akafa saa ile ile kwa ajili ya mdomo wangu. Nikaliweka beseni chini.

Saa sita mchana mtoto akalia, wa kike, mzima. Thackwell akanawa, akanywa mvinyo wake, akanipigapiga begani. "Umeona, mama mwoga?" Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Siku mbili Dorcas alikunywa supu, akanyonyesha, akanitania eti mimi ni dokta wa beseni. Nami kila saa namgusa paji la uso, nikijidai namrekebishia nywele. Siku ya tatu, adhuhuri, jua kali hata siagi imeyeyuka mezani, akaniita.

"Dada, funga dirisha. Nasikia baridi."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nilikwenda nikalishika komeo, nikalitikisa ili asikie.

"Tayari, mdogo wangu," nikamwambia, na meno yake yanagongana.