Barua kwa Baba wa Ubatizo

Mwalimu Traugott Hilbrecht alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Kijijini kwao Pomerania, jimbo la Prussia, hakuna aliyeandika barua ya serikali bila kumpelekea aikague. Kwa hiyo mkewe Ottilie aliposema wamwandikie Kaisari, kalamu ilikwenda moja kwa moja mikononi mwa mwalimu, na msiba ulianzia hapo.

Haki ya kumwandikia walikuwa nayo. Ewald alikuwa mwana wao wa saba, wa kiume wote mfululizo, na mtoto wa namna hiyo Kaisari humkubali awe mwanawe wa ubatizo. Kitabu cha kanisa kilishuhudia. Kaka zake sita walishakwenda vitani. Wanne wameuawa, wawili hawajulikani walipo. Sasa, Mei 1918, Ewald alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, na Ottilie alitaka kitu kimoja tu, huyu abaki.

"Mwambie hivi: baba wa ubatizo, mwanao anachukuliwa, tuachie huyu mmoja. Basi, funga bahasha."

"Mke wangu, huyo ni Kaisari, si muuza maziwa! Tukikosea cheo, itatupwa kabla haijasomwa."

Akaanza: Mwenye Utukufu Upitao Wote, Mwenye Enzi Kuu, Kaisari na Mfalme, Bwana Mwenye Neema Nyingi. Akasita. Je, ufalme wake wa Prussia utajwe kila mara, au mwanzoni tu? Akamwandikia rafiki yake wa Berlin kumuuliza. Jibu lilichukua wiki tatu. Kisha wino ukadondoka juu ya neno Kaisari, akaichana. Karatasi nzuri nazo zikawa adimu kwa sababu ya vita.

"Baba," Ewald alimtania, "vita vitaisha wewe bado unamsalimia!"

Wakacheka wote, hata Ottilie. Julai Ewald akaondoka kwenda jeshini.

"Andika hivyohivyo, mzee, nakuomba," Ottilie alilia. "Bado hajafikishwa mstari wa mbele."

"Kesho, kesho. Imebaki kunakili tu."

Barua ilikamilika Septemba, haina doa. Ilikuwa mezani inakauka wino, mwenyekiti wa kijiji alipoingia, kofia mkononi, akashindwa kuwatazama usoni. Ewald alikuwa ameuawa Ufaransa siku tisa nyuma. Ottilie aliitazama barua, akamtazama mumewe, akatoka kwenda kulisha kuku.

Novemba gazeti likaleta habari kwamba Kaisari ameacha kiti cha enzi na kukimbilia Uholanzi. Mwalimu alisoma kwa sauti. Ottilie alikuwa akimenya viazi.

"Sasa anaitwaje?" aliuliza.

Mwalimu alikunja gazeti.

"Bwana," alisema. "Bwana tu, kama mtu yeyote."

"Mimi tangu Mei nilikuwa tayari kumwandikia mtu yeyote."