Video Isiyo na Sauti ya Mama

Siku mama alipofariki nilikuwa shambani kwetu Singe, nang'oa maharage aliyoyapanda yeye mwenyewe kabla hajaugua. Yalikuwa yamekauka vizuri na nilikuwa nayarundika kwenye turubai tayari kwa kupigwa, simu ikaita. Alikuwa mama mdogo Josephine, mdogo wake mama, aliyekuwa akimuuguza hospitalini Moshi. Hakunisalimu. Aliniuliza kama nimekaa. Nikamwambia nimeinama, nipo kwenye maharage. Akasema, "Basi kaa chini, Scola."

Nikakaa pale pale kwenye udongo, naye akaniambia.

Majirani wa shamba walikuja kunishika mkono, na jambo la kwanza nililowaambia ni kwamba nimemrekodi. Sijui kwa nini lilitangulia hilo. Nilisema nilizungumza naye jana kwa video, sauti yake ninayo, ipo humu kwenye simu. Nililirudia njiani. Tulipofika nyumbani Bagara neno lilikuwa limeshatutangulia, na wanawake wa jumuiya waliokuwa wanatandika mikeka walikuwa wanaambiana kuwa Scola ana maneno ya mwisho ya mama yake.

Kurekodi skrini nilifundishwa na Ibra, fundi simu wa karibu na stendi. Nilikuwa nimempelekea simu abadilishe kioo, nikamuuliza kama mtu akinipigia kwa video kuna namna ya kubaki naye. Alicheka. "Kubaki naye vipi, dada? Unataka kumfungia ndani?" Kisha akavuta kidole kutoka juu ya kioo kushuka chini, akanionyesha kialama chenye duara jekundu. Alisema nikibonyeza pale, kila kitu kinabaki. Nilimwamini. Nilikuwa nimerudi kutoka Moshi ili niwaangalie watoto na kuvuna, na nilikuwa nimeona jinsi mama alivyopungua kitandani. Nilitaka nibaki na uso wake na sauti yake hata kama sitamwahi.

Alipopiga ilikuwa jioni, mvua inaanza. Mama mdogo alimsimamishia simu kwenye mto, akamwambia anakwenda kufuata dawa, akatoka. Mimi nilikuwa jikoni. Watoto walikuwa sebuleni na televisheni, na sikutaka wasikie kama bibi yao akilia, kwa hiyo nilivaa hedifoni masikioni. Nikabonyeza duara jekundu.

Mama akichoka huwa anaongea Kiiraqw tu. Sisi watoto wake tunakielewa chote, lakini tumekulia mjini, tunamjibu kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyozungumza miaka yote, yeye na lugha yake, sisi na yetu, na hakuna aliyeona ajabu. Aliniuliza habari ya maharage. Aliuliza kama Kindness, mwanangu, bado anakohoa. Halafu akasema kwamba akifa, kaka yangu Adrian atie udongo kwenye kaburi lake.

Hapa inabidi nieleze. Baada ya baba kufariki, Adrian alidai upande wa chini wa shamba la Singe ni wake, kwamba baba alishamwonyesha. Mama akakataa. Adrian akaleta trekta asubuhi mama akiwa misani, akalima upande ule wote, na maharage ya mama yalikuwa yameanza kutoa maua. Mama aliporudi alikuta ardhi nyekundu tupu. Aliwaita wazee wa ukoo, akasema mbele yao kwamba mtoto huyo asije akatia udongo kwenye kaburi lake. Kwetu neno kama hilo mama akilisema mbele ya wazee, mtoto halifuti wala baba mdogo halifuti. Analifuta mama mwenyewe. Adrian alihamia Mutuka na kukaa huko, na mimi ndiye niliyebaki nalima na mama yale mashamba, nikimsikia anavyoguna usiku kwa mgongo.

Kwa hiyo mama alipolitaja jina lake, nilimjibu vibaya. Tukaagana. Asubuhi iliyofuata nikaenda Singe.

Siku ile ya msiba, watu walipopungua kidogo, niliingia stoo, nikakaa juu ya gunia na kufungua ile video. Mama alitokea. Kilemba chake cha bluu kilikuwa kimelegea upande mmoja. Mdomo wake ulifunguka, ukatembea, ukafunga. Hakukuwa na sauti. Nilifikiri simu imezimwa sauti, nikaongeza. Ndipo nilipojisikia mimi, kwa nguvu, kama mtu anayeongea na kiziwi: "Maharage yapo, mama, nayamaliza wiki hii." Kimya, mdomo wa mama unatembea. Kisha mimi tena.

Nilielewa baadaye, Ibra aliponieleza. Sauti yake iliingia kwenye hedifoni na kuishia masikioni mwangu. Simu ilikamata ya kwangu peke yake.

Nikaendelea kuangalia. Kwenye kona ya juu nilikuwa mimi, mdogo kama stempu, na wakati mama anaongea nilikuwa najiangalia mwenyewe, narekebisha kanga begani. Halafu midomo ya mama ikatamka jina ambalo kwa Kiiraqw na kwa Kiswahili ni lile lile. Na mimi nikasema:

"Adrian? Hapana, mama. Huyo asitie udongo."

Mama akaongea kwa muda. Alikuwa akisita kuvuta pumzi.

"Unamsamehe kwa sababu unaumwa. Mimi siumwi."

Midomo yake haikutembea tena kwa kitambo. Alinitazama tu. Kisha akasema lile neno fupi ambalo nililisikia na ambalo video haina. Kwa Kiswahili ni kama kusema, "Mwambie."

"Mimi simwambii. Mwambie wewe ukipona."

Nilizima. Nilikaa juu ya lile gunia na kujua mambo mawili kwa pamoja: kwamba sauti ya mama sina, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyemsikia akimsamehe Adrian.

Adrian alikuja kesho yake, mwili ukiwa bado njiani. Hakuingia chini ya turubai. Alikaa kwenye tofali karibu na geti, kofia mkononi, akawaamkia waliopita, na waliopita walimwitikia bila kusimama. Mchana mwanamke mmoja alimpelekea sahani ya makande. Aliishika mpaka ikapoa.

Jioni wazee walikaa kupanga maziko. Baba mdogo Herieli, mdogo wake baba, ndiye aliyesimamia. Alitaja nani atatia udongo kwanza na nani atafuata, na alipofika mahali pa mtoto wa kwanza aliruka. Hakuna aliyeuliza. Kisha akageuka kwa mama mdogo Josephine, akataka kujua kama marehemu aliacha neno lolote. Mama mdogo alisema kwake hakuacha, alimwomba tu maji. "Lakini Scola alizungumza naye. Anasema amemrekodi."

Wote walinitazama. Adrian naye, kutoka kwenye tofali lake.

Nilisema sauti haikushika. Nilisema picha ipo lakini mama hasikiki. Hapakuwa na uongo kwenye maneno hayo, na ndiyo maana yalitoka kirahisi. Baba mdogo alisikitika, akasema mashine ni mashine, akaendelea na habari ya jeneza.

Yangeishia hapo. Adrian aliinuka, akaja mpaka ukingoni mwa turubai, hakuvuka. Aliwaomba wazee radhi kwa kuingilia. Kisha akasema na mimi.

"Scola. Hata kama haina sauti. Naomba nimwone tu."

Hakuna mzee aliyemkatalia, maana kumwona mama yako hakukatazwi na neno lolote. Niliichukua simu kifuani, nikaifungua video. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe cha sauti. Nilipunguza mpaka mwisho. Mama akatokea na kilemba chake, nikamnyooshea Adrian simu, naye akanyoosha mikono yote miwili kuipokea, kama anapokea mtoto mchanga. Niliiona mikono ile. Nikairudisha simu kwangu. Alifikiri namnyima, akashusha mikono.

Niliongeza sauti yote, nikaiweka juu ya meza mbele ya baba mdogo, nikasimama kando.

Walianza kwa kutabasamu kidogo, kusikia habari za maharage na kikohozi cha Kindness. Halafu wakaisikia sauti yangu ikisema huyo asitie udongo. Kisha ikasema mimi siumwi. Chini ya turubai kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Upande wa wanawake, aliyekuwa anasukuma kuni alibaki na kuni mkononi.

Video ilipoisha baba mdogo hakuniangalia. Alisema, "Rudisha."

Nilirudisha. Alisikiliza akiwa ameinama, sikio karibu na simu. Akasema tena, "Rudisha pale pa Adrian." Nikarudisha pale. Safari hii aliacha kusikiliza, akaangalia mdomo wa mama tu. Mama mdogo Josephine alikuja nyuma yake, naye akaangalia, na midomo yake mwenyewe ikaanza kufuata ya dada yake taratibu, halafu akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mama Kindness," baba mdogo akaniambia. "Alikuambia Adrian atie udongo?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ukakataa."

"Ndiyo."

"Leo hii pia ulikuwa unakataa."

 Kisha aliwageukia wazee wenzake. Alisema mtu habishani na neno ambalo halijasemwa. Alisema kama mama yangu, Emerensiana, hakusamehe, huyu binti alikuwa anamkatalia nani? Mzee mmoja akasema ni kweli. Mwingine akasema sauti ya mama haipo lakini kivuli chake kipo, kinaonekana kwa majibu ya mtoto. Baba mdogo akasema kwamba neno limefutwa na aliyelitoa, na kwamba ushahidi umetoka kwa mtu ambaye hakulitaka, kwa hiyo hauna shaka. Kisha akamwita Adrian aingie, akamwonyesha kiti.

Nilifikiri Adrian ataniangalia. Alikaa, akaweka kofia gotini, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti.

Mama tulimzika Singe, upande wa juu, pembeni ya baba. Adrian alitia udongo wa kwanza. Mimi nilifuata kwa zamu yangu, na nilipoinama kuchota, nilisikia nyuma yangu wanawake wamenyamaza. Haukuwa ukimya wa huzuni. Kuna ukimya mwingine, mtu akishausikia hausahau.

Maneno yangu yalibaki pale nyumbani kuliko mimi. Siku ya kuanua turubai nilikuwa nyuma ya jiko nasugua masufuria. Upande wa pili wa ukuta binti mmoja aliomba asaidiwe kubeba pipa la maji, na Jovita, jirani yetu, akamwambia, "Beba, wewe huumwi." Walicheka wote. Jovita alizunguka kona akiwa bado anacheka, akanikuta. Aliniambia, "Pole na kazi, Mama Kindness," kwa adabu zote, akachukua sufuria moja na kukaa chini kunisaidia kusugua. Tulisugua mpaka yakaisha.

Si kwamba watu wa Bagara ni wabaya. Kila mmoja nadhani anacho alichowahi kumwambia mgonjwa. Ila cha kwangu kilisikika chini ya turubai, kikarudishwa na kurudishwa tena, na mpaka leo nikisalimia "Shikamoo" kwa mzee aliyekuwa pale naona anachelewa kidogo kabla hajasema "Marahaba".

Kabla Adrian hajarudi Mutuka alinifuata shambani. Alinikuta napiga maharage yale yale. Alichukua fimbo ya pili bila kuulizwa, tukapiga pamoja, na alipopumzika akaniomba nimtumie ile video. Nilimwambia ni kubwa, haitumiki. Hilo pia lilikuwa kweli kidogo. Alisema basi atakuwa anakuja kuiangalia.

Nilikwenda kwa Ibra. Nilimuuliza kama anaweza kuikata sauti ibaki picha peke yake. Alisema ni kazi ndogo, nimwachie simu nikanunue nyanya. Nilikuwa nimeshamkabidhi. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye video ile, msamaha wa mama hauna mahali pengine pa kukaa isipokuwa ndani ya maneno yangu. Akiyafuta, anamfuta na mama. Nikaichukua simu yangu. Ibra akaniuliza, "Vipi dada, umebadili mawazo?" Nikamwambia iache ilivyo.

Sasa Adrian huja Jumapili akitoka misani. Namkaribisha chai, namwekea simu mezani. Kabla hajabonyeza, huishusha sauti mpaka mwisho, na mimi huenda jikoni.