Fundi Sumaku na Tangi la Dada Yake

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sumaku, na jina hilo alilipenda, maskini. Kila bamba la stenlesi alilipima kwanza kwa kisumaku chake: likinasa, alilikataa akisema si stenlesi halisi, lisiponasa, alilichomelea. Hakuwa na kipimo kingine wala hakuona haja.

Dada yake alipofungua karakana ya kuhifadhi matango kwa maji ya chumvi, akatia humo kila alichoachiwa na marehemu mumewe, nani angemtengenezea tangi kama si mdogo wake? Muuza vyuma akamwonyesha fundi bamba moja: "Kwa chumvi, chukua hili." Sumaku ikanasa. Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hilo kawauzie watoto, mzee! Nipe lile." Lile halikunasa, tena liling'aa. Lo, ujuaji huo! Bamba alilolikataa lilikuwa la aina inayonasa sumaku na bado inastahimili chumvi. Alilolibeba lilifaa maziwa tu.

Haikupita miezi mingi, tangi likaanza kutoboka vitundu vidogo kama vya sindano. Akaziba kimoja, pembeni vikatokea viwili. Mwishowe akarudi kwa muuza vyuma, na yule akamweleza yote bila hata kumcheka. Fundi aliona aibu jamani! Akajiambia, nitamweleza dada kesho. Kesho ikazaa kesho, naye akawa anaziba tu.

Dada alijilaumu mwenyewe. "Chumvi yangu kali mno, mdogo wangu. Nimekuharibia tangi lako zuri." Fundi akainamia kazi yake, akaendelea kuziba.

Kumbe dada alikuwa anapunguza chumvi, kidogo kidogo, ili kulihurumia tangi. Matango yakalainika, yakavunda. Watu wakaumwa matumbo, mitungi ya matango ikarudishwa, na habari zikafika kila duka. Hakuna aliyetaka tena hata kuonja.

Siku ya kufunga karakana, fundi alimkuta dada ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akachuchumaa mbele yake, akasema.

"Dada, si chumvi yako. Ni bamba. Nilichagua vibaya, na nimelijua hilo siku nyingi."

Dada akainuka kwenye ndoo. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Tangi ningetafuta jingine," akasema. "Sasa matango yangu nani atayala?"